Theluji Iende Wapi?

Wengi wetu tulilijua neno "theluji" kwa wazazi waliokuwa wakitusimulia kilele cha Kilimanjaro, kitu cha kutazamwa kwa mbali. Hapa Minneapolis theluji iko mlangoni, na kanuni za jiji zinamtaka mwenye nyumba asafishe njia ya miguu ndani ya saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka. Ndiyo maana wanne wetu huenda kumsaidia bibi mmoja mzaliwa wa Mombasa, ambaye mgongo wake haumruhusu tena kushika koleo.

Msimu huu jirani yake alimwazima mashine ya kurusha theluji. Tuliiwasha kwa furaha, na dakika mbili baadaye njia ya jirani huyohuyo, aliyokwisha kuisafisha, ilikuwa nyeupe tena. Aibu ilioje! Tuliisafisha upya kwa koleo, kisha tukakaa jikoni kwa bibi na chai ya tangawizi, tukajifunza mashine inavyofanya kazi.

Ziko aina mbili kuu. Katika ile ndogo, parafujo yenye mapezi ya mpira hukwangua ardhi na kuirusha theluji yenyewe. Katika ile kubwa, kama ya jirani, parafujo ya chuma huivunja theluji na kuivuta katikati, kisha feni iliyo nyuma yake, inayozunguka kwa kasi zaidi, huirusha juu kupitia bomba. Wazo hili si geni. Mwaka 1869 daktari wa meno wa Toronto, J. W. Elliott, alipata hataza ya mashine ya kusafisha reli kwa gurudumu linalozunguka. Mwaka 1925 Arthur Sicard wa Quebec aliunda mashine yake ya kurusha theluji yenye kujiendesha.

Lakini theluji iende wapi? Jibu liko kwenye bomba. Hendeli huligeuza kushoto au kulia. Juu yake kuna kofia yenye bawaba: ukiiinua, theluji huruka mbali, ukiiinamisha, huanguka karibu. Sisi tulielekeza bomba kwa jirani, kofia tukaiacha juu, na upepo ukamalizia. Sasa tunaanza kwa kutazama upepo unakoelekea, tunarushia huko, na barabarani haturushi, kwani sheria ya Minnesota inakataza.

Wiki iliyofuata ilianguka theluji yenye maji, bomba likaziba. Mwenzetu alizima injini, akavua glavu na kunyoosha mkono. Bibi aligonga kioo cha dirisha kwa nguvu: "Mjukuu wangu, toa mkono!" Alikuwa na haki. Hata injini ikizimwa, feni inaweza kubaki imekazwa na theluji iliyoganda, na ukiiondoa theluji hiyo huruka ghafla. Vidole hukatika hivyo. Zima injini, subiri kila kitu kisimame, kisha zibua kwa kijiti, kamwe si kwa mkono.

Majina ya vipande hivyo hatukuyapata kwenye kamusi zetu. Bibi alisema bomba ni shingo na kofia ni kofia, basi. Sasa kabla ya kuwasha tunaulizana: shingo imeelekea wapi? Kofia iko vipi? Jirani ameshatuamini tena, na mwenzetu bado ana vidole kumi.