Kucheza na Kupiga: Neno Moja la Kiingereza Katika Lugha ya Kifini

Leo nataka tuzungumze habari za neno moja dogo la Kiingereza, ambalo mtoto wa skuli hulijua tangu mwanzo wa kujifunza lugha ile. Neno lenyewe ni "play". Lakini kwanza yanipasa kuungama kosa langu.

Nilipokuwa mwalimu kijana, skuli yetu ilikuwa ikijitayarisha kwa sikukuu. Mwalimu mkuu aliandika barua kwa Kiingereza kumwomba mzee mmoja wa kijiji cha jirani atuletee watu sita wa kupiga ngoma, akanipa mimi niitafsiri. Katika daftari langu nilikuwa nimeandika tangu utoto kwamba "play" maana yake ni kucheza. Basi, pasipo kufikiri, nikaandika: "Utuletee watu sita wa kucheza ngoma." Siku ilipofika, watu sita wakaja, wamefunga njuga miguuni, wachezaji hodari kabisa. Walakini hapakuwa na ngoma hata moja, wala mpigaji. Mzee akaniuliza ngoma ziko wapi, nami sikuwa na la kujibu. Akasema kwa upole, "Mwalimu, ngoma haichezwi isipopigwa." Wageni wakakaa wakitazamana, na wale wachezaji wakarudi kwao na njuga zao. Aibu ile haijanitoka hata leo.

Neno nililijua, kosa langu lilikuwa kudhani ya kuwa kila neno la lugha moja lina mwenzake mmoja tu katika lugha nyingine, kama kiatu cha kulia na cha kushoto. Tangu siku ile nimependa kuuliza watu wa lugha nyingine hulifanyaje neno hili. Kwa kuwa Kiingereza na Kiswahili tumevizoea mno, nimechagua lugha ya mbali, ili tuone jambo letu kwa macho mapya. Lugha hiyo ni Kifini.

Ufini ni nchi ya kaskazini ya Ulaya, kati ya Uswidi na Urusi. Wenyeji huiita Suomi, na idadi yao haijafika milioni 6. Lugha yao si jamaa ya Kiingereza, wala ya Kiswidi, wala ya Kirusi. Ndugu yake wa karibu ni Kiestonia, na wa mbali ni Kihangari. Kitabu chao cha kwanza cha kufundishia kusoma kilitungwa na Mikael Agricola, kikapigwa chapa mwaka 1543. Mtu atakaye kuyatamka maneno ya Kifini na atie mkazo juu ya silabi ya kwanza. Herufi iliyoandikwa mara mbili aivute. Na herufi ä aitamke kati ya a na e.

Sasa tulitazame neno letu. Mwingereza husema "play" kwa mpira, kwa mwanasesere, kwa kinanda, na kwa mchezo wa kuigiza jukwaani. Mfini ana maneno manne, na hawezi kuliweka moja mahali pa jingine.

Neno la kwanza ni pelata. Hili ni la michezo ya kushindana, yenye sheria, ambayo mwisho wake mmoja hushinda na mwingine hushindwa. Kucheza mpira wa miguu ni pelata jalkapalloa, na kucheza karata ni pelata korttia. Bila shaka hata bao letu wangelitia humo. Neno hili limetoka katika Kiswidi, nalo kule ni spela. Wafini wa zamani hawakupenda konsonanti mbili zikutane mwanzoni mwa neno, kwa hiyo wakaiangusha ile s. Ndivyo walivyofanya pia kwa neno la Kiswidi skola, wakasema koulu. Sisi tulipolipata neno kama hilo kwa Waingereza, s tuliiacha, tukaongeza i mwishoni, likawa skuli. Kila mwenyeji humvika mgeni nguo za nyumbani kwake.

La pili ni leikkiä. Hili ni la watoto wachezao kwa furaha tu, pasipo kuhesabu mabao: msichana na mwanasesere wake, au watoto wanaojificha na kutafutana. Mtu mzima naye huweza kusemwa kwa neno hili, lakini aghalabu kwa kuonywa. Wafini husema leikkiä tulella, yaani kucheza na moto, kama tusemavyo sisi.

La tatu ni soittaa, na hapa Mswahili atatabasamu. Soittaa ni kupiga kinanda, zeze au ngoma. Tena ni kupiga kengele. Tena ni kupiga simu. Mambo yote matatu sisi huyatia katika kupiga, na Wafini katika soittaa, kana kwamba mababu zetu walikutana wakashauriana. Walakini njia zetu ni mbali mbali. Kupiga kwetu kumetokana na mkono unaogonga; ndiyo maana twaweza pia kumpiga mtu, na Mfini kwa jambo hilo ana neno jingine, lyödä. Soittaa imetokana na soida, yaani kulia, kama kengele iliavyo. Kwa hiyo soittaa hasa ni kuliza, kukifanya kitu kilie. Na redio inaposikika nyumbani, Mwingereza husema kwamba redio "inacheza", bali Mfini husema radio soi, yaani redio inalia. Ama kucheza ngoma kwa miguu, hilo kwao ni neno mbali kabisa, tanssia. Kama barua yangu ingaliandikwa kwa Kifini, wale wazee wasingalihangaika.

La nne ni näytellä, kuigiza mbele ya watu. Mzizi wake ni nähdä, kuona. Kutoka hapo likapatikana näyttää, kuonyesha, na kisha näytellä, kuonyesha tena na tena. Wanafunzi watambue kwamba hata sisi kutoka ona twapata onyesha. Tena mnyama ajifanyapo amekufa ili adui amwache, Mwingereza hutumia "play" vile vile. Mfini huweza kusema tekeytyä, neno litokalo katika tehdä, kufanya. Nasi kutoka fanya twasema kujifanya.

Basi, mpeni Mfini maneno haya ya Kiingereza ayatafsiri: "The boy played all day." Kwa Mwingereza habari imekwisha. Lakini Mfini ataishika kalamu asiandike, mpaka aulize: kijana huyo alikuwa na mpira, au mwanasesere, au zeze, au alikuwa jukwaani? Nasi Waswahili hatuna budi kuuliza, ijapokuwa swali letu ni fupi zaidi: alicheza au alipiga?

Msidhani kwa hiyo kwamba Kiingereza ni maskini na Kifini ni tajiri. Mfini naye akisema hän soitti, Mwingereza atashindwa kuandika. Huyo hän ni mwanamume au mwanamke? Kifini hakisemi, kama vile yeye yetu isivyosema. Tena alipiga kinanda au alipiga simu? Kila lugha hukata nguo kwa kipimo chake: hapa yaacha pana, pale yabana.

Ushauri wangu kwa wanafunzi ni huu. Mkijifunza neno geni, msiliandike peke yake na maana moja pembeni. Andikeni sentensi nzima: nani afanya, kwa kitu gani, na kwa kusudi gani. Mkipata sentensi tatu ambazo neno ni lile lile na kazi ni mbali mbali, ziandikeni zote tatu, hata kama daftari litajaa upesi. Na mkitafsiri barua ya mtu, kwanza mwone kwa macho ya moyo jambo lenyewe likitendeka, ndipo mtafute neno. Kama ningaliwaona wale watu sita moyoni mwangu, na kujiuliza watashika nini mikononi, ningaliandika kupiga.

Siku chache baada ya sikukuu ile nilikwenda kwa yule mzee kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, akacheka sana, kisha akanikalisha penye ngoma zake akanionyesha jinsi ya kupiga. Sikufaulu sana, lakini tofauti ya maneno yale mawili niliijua kwa viganja vyangu.

Kwaherini.