Mwalimu wa Garissa na Fimbo Yake Iliyolia

Kila mja na pumbao lake. Wako wafugao njiwa, wako washindao barazani kwa bao na dhumna, na sisi wengine tumeangukia tungo, tukawa twahesabu mizani hata usingizini. Rafiki yangu wa Garissa, Mwenyezi Mungu amrehemu, pumbao lake lilikuwa kutembea baada ya alasiri na fimbo yenye sahani mwishoni, visikizio masikioni, akiisikiliza ardhi. Asiyemjua angedhani ni mtu anayefagia uwanja usio na taka.

Jina lake silitaji. Hakupenda kutajwa, na jamaa zake wameniomba niliheshimu hilo. Garissa ilimwita Mwalimu, kwa kuwa alisomesha hesabu miaka mingi, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa Msomali aliyesoma chuo Lamu utotoni, akaushika ulimi wa huko barabara, hata ukimsikia gizani ungeapa kuwa ni mtu wa Mkomani. Alifariki 2021, umri wake miaka 66.

Tulijuana mwanzoni mwa 1998. Mvua za El Nino zilikuwa zimeufurisha Mto Tana tangu miezi ya mwisho ya 1997, barabara zimekatika, na mifugo iliyosalimika na maji ikawa inakufa kwa homa ya Bonde la Ufa, ambayo iliua na watu pia. Nilikuwa kijana wa gazeti, nikatumwa kuandika habari hizo. Jioni moja nikateremka mtoni, mahali maji yalipokuwa yameumega ukingo, nikamwona mtu mrefu wa kikoi akizungusha fimbo juu ya tope.

“Shekhe, watafuta nini?” nikamwuliza baada ya salamu.

Akavua visikizio. “Sitafuti, nasikiliza. Kutafuta ni kwa aliyepoteza.”

Mshairi gani asingempenda mtu mwenye jibu kama hilo? Tangu siku ile kila nilipopanda Garissa nilifikia kwake, tukinywa shai ya maziwa ya ngamia, kisha tukitoka pamoja. Yeye na fimbo, mimi na jembe dogo la mkono. Naye akishuka pwani tulikuwa tukienda ufukweni alfajiri, kabla ya wavuvi hawajatucheka.

Kwa ndugu msomaji asiyeijua mashine ile: ndani ya sahani mna waya uliozungushwa mviringo. Umeme wa betri hupita ndani ya waya, nao hufanya nguvu ya sumaku inayoshuka ardhini. Ikikutana na metali, metali ile nayo huamka na umeme wake mdogo, sahani ikahisi, na sauti ikalia masikioni. Haijui thamani. Kifuniko cha soda huilizia kama pete ya arusi. Ujuzi ni wa sikio la mwenye kushika, na sikio la Mwalimu lilikuwa kama la mpiga udi, kabla sijachimba alikwisha niambia, “Huu msumari,” au “Hii shaba, pole pole.”

Asili ya chombo hiki si mchezo. Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, yule wa simu, akajaribu kuitafuta risasi mwilini kwa mashine ya namna hii. Hakufaulu, na rais akafa Septemba ya mwaka ule. Kisha katika Vita Vikuu vya Pili ofisa mmoja wa Poland, Józef Kosacki, akatengeneza chombo cha kubebwa mkononi kwa ajili ya mabomu ya ardhini, nacho kikatumiwa El Alamein mwaka 1942. Mwalimu aliijua historia hii kwa moyo. Yeye mashine yake aliipata kwa mhandisi mmoja wa visima aliyekuwa akirudi kwao, akailipia kwa mbuzi na fedha kidogo.

Na chini ya mchanga wa Garissa mna nini? Wengi walidhani mna dhahabu. Mna misumari, wallahi, misumari isiyo na idadi, na mikebe. Lakini mna na historia. Mwanzoni mwa 1941 majeshi ya Waingereza yalipita hapo kwenda kuwapiga Wataliano: Keya wetu wa Afrika Mashariki, askari wa Nigeria na Gold Coast, na Makaburu wa Afrika Kusini. Kismayu ikatwaliwa tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25 mwezi ule ule. Walikopiga kambi waliacha bizimu za mikanda, maganda ya risasi, vifungo, na senti zetu za tundu, zile ambazo bibi zetu walizitunga uzi. Mara moja Mwalimu alipata besa, sarafu ya shaba ambayo Wataliano waliitoa kwa ajili ya Somalia yao kati ya 1909 na 1921. Aliipenda kwa kuwa ilimkumbusha kuwa Jubaland yote, Kismayu na viunga vyake, ilihesabiwa kuwa Kenya hadi 1925, Mwingereza alipomkabidhi Mtaliano watu na ngamia wao bila ya kuwauliza. Kengele za ngamia, kwa bahati mbaya, hakuwahi kuzipata. Wasomali huzichonga kwa mti, na mti mashine haiusikii.

Sasa nifike kwenye jambo lililomfanya Mwalimu awe Mwalimu. Mwaka 2001, karibu na mahali palipokuwa kivuko, fimbo ililia na nikachimbua pesa moja ya shaba, kijani kwa kutu. Alipoisugua kwa ndimu ikatokea mizani upande mmoja, na mwaka 1299. Ilikuwa pesa ya Sayyid Barghash wa Unguja. Mimi nilikwisha ifungia kwenye leso moyoni mwangu. Mwalimu akaketi chini, akauliza, “Hii ni rikazi au ni kiokotwa?”

Wenye kusoma watanielewa. Rikazi ni mali iliyozikwa na watu wa kabla ya Uislamu, na mwenye kuipata hutoa khumsi, yaani sehemu moja katika tano. Lakini kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, mali yenye alama ya Uislamu, mathalani jina la mfalme Mwislamu, si rikazi. Hukumu yake ni ya kiokotwa, nacho hutangazwa mwaka mzima apate kujitokeza mwenyewe. Tena khumsi ni ya dhahabu na fedha, na hii ni shaba. “Basi nitaitangaza,” akasema. Nikamwambia mwenye pesa hii amekufa tangu babu zetu hawajazaliwa, na hata angekuwa hai, kitu kidogo namna hii hakitangazwi mwaka. Akajibu kuwa mwenyewe huenda ana wajukuu, na udogo wa kitu haujui aliyekipoteza.

Akatangaza baada ya swala ya Ijumaa kuwa ameokota sarafu ya kale, asitaje zaidi, kama sheria ilivyo. Walikuja watu watatu. Wa kwanza alisema ina kichwa cha mfalme. Wa pili alisema ina tundu. Wa tatu, mzee wa heshima zake, alikiri kuwa hajapoteza chochote, amekuja kuiona tu. Mwalimu akamkaribisha shai, akamwonyesha. Mwaka ulipotimia aliipeleka darasani, akawapa watoto hesabu: mwaka wa mwezi una siku 354, wa jua 365, je, 1299 ya Hijria ni mwaka gani wa Kizungu? Waliopata 1882 walipewa kuishika.

Na sheria ya serikali aliishika vile vile. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inakataza kutafuta vitu vya kale bila ya leseni, na mwenye kukiona kitu cha kiakiolojia hutakiwa kutoa habari ndani ya siku saba. Kwa hiyo kwenye magofu hakukanyaga. Tulipotembelea magofu ya pwani fimbo ilibaki nyumbani. Wako wachimbaji wa usiku wanaopasua makaburi na mihirabu kwa tamaa ya mali; hao akiwaita wezi wa maiti, nami naona alikuwa mpole kwao.

Zamu yangu ya kumfundisha ilikuwa kwenye vina. Nilimweleza kuwa sarafu za masultani wa Kilwa zina maandishi pande mbili, na neno la mwisho la upande huu lina kina kimoja na la upande wa pili. Yaani mtu alibeba ubeti mfukoni akanunulia samaki. Mwalimu alishangaa kama mtoto. Nikamweleza na habari za Mtambwe Mkuu, Pemba, ambako 1984 zilionekana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu. Na za yule askari wa Australia, Maurie Isenberg, ambaye 1944 aliokota kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yao, sarafu tano za Kilwa. Zilifikaje huko? Mwalimu alilala na swali hilo wiki nzima, akaniletea majibu sita, yote ya uongo mtamu.

Kulikuwa na mahali ambapo hakuisikiliza ardhi kabisa. Marundo ya mawe nyikani, ambayo Wasomali husema ni ya Wamadanle, majitu waliochimba visima vya Wajir, aliyapita mbali kwa kuwa ni makaburi. Tulipokwenda Wajir kijana mmoja akatuambia uwanja wa ndege wa Wagalla una maganda mengi ya risasi. Mwalimu aligeuza gari. Pale Februari 1984 askari wa serikali waliua wanaume wa Degodia, na hesabu yao hata leo inabishaniwa. Na hata Garissa kwenyewe kulikuwa na mtaa, Bulla Kartasi, uliochomwa moto Novemba 1980. Yeye alikuwa kijana wa miaka 25, aliyaona. “Vile vina wenyewe,” aliniambia njiani, “na wenyewe wako hai, wanangoja kuulizwa.” Hakusema neno jingine mpaka Garissa.

Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yaliingia Somalia. Hapakupita muda mabomu yakaanza kutegwa katika barabara za Garissa, Wajir na Mandera, yakiua polisi, madereva na abiria. Chuma kilicholala chini ya mchanga hakikuwa tena senti ya tundu. Mtu wa fimbo kando ya barabara angeweza kulipuka, au kupigwa risasi na anayemdhania kuwa ndiye mtegaji. Mwalimu alitoa betri, akaifunga mashine kwa shuka, akaiweka juu ya kabati. Sikumsikia akilalamika, ila siku moja Nairobi, bawabu wa duka alipompitishia kifimbo cha ukaguzi mwilini kikalia kwenye bizimu ya mkanda, akacheka mpaka bawabu akaingiwa na shaka.

Machi 2013 alinipigia simu kwa furaha. Chapurukha Kusimba na Sloan Williams walikuwa wametangaza sarafu ya Kichina kutoka kisiwa cha Manda, ya enzi za mfalme Yongle aliyetawala 1402 hadi 1424, ya mviringo yenye tundu la mraba. “Senti ya tundu!” akapiga kelele. “Hata Wachina!” Sauti ile sikuisikia tena. Tarehe 2 Aprili 2015 chuo kikuu cha Garissa kilishambuliwa, watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Miongoni mwa waliouawa Mwalimu alikuwa na watoto wa marafiki. Baada ya hapo mazungumzo yetu yalikuwa ya afya na ya dua.

Alipofariki, inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nilikabidhiwa daftari lake. Kila kitu kimeandikwa: siku, mahali, kina cha shimo, na safu ya mwisho yenye neno moja, “Mwenyewe?” Safu hiyo karibu yote ni tupu. Pamoja na daftari kuna wasia mmoja, nao nautimiza hapa kwa idhini ya mhariri.

Mwaka 2009 Mwalimu aliokota pete ya fedha, ya kiume, kwenye mchanga wa Mto Tana, upande wa chini wa daraja la Garissa. Aliitangaza msikitini mwaka mzima, asitokee mtu. Hakuivaa wala hakuiuza. Ina jiwe, na ndani yake pamechongwa maandishi. Anayeijua, au aliyemsikia babake akiilalamikia, na aandike kwa gazeti hili aeleze rangi ya jiwe na maandishi yale yanasemaje. Iko kwa binti yake mkubwa, Garissa.