Sauti Ndani ya Vyumba: Toka Mito ya Viti hadi Kompyuta

Mwalimu asemapo mbele ya darasa, wanafunzi wake husikia sauti mbili, wala si moja. Ya kwanza ni ile itokayo kinywani mwake na kuwafikia moja kwa moja. Ya pili ni ile iliyokwisha kugonga kuta, sakafu na dari, kisha ikarejea ikiwa imechelewa. Sauti ya kwanza hupungua upesi: kila umbali unapozidishwa mara mbili, kiwango chake hushuka kwa desibeli 6 hivi. Kwa hiyo mwanafunzi aliyekaa mita 8 kutoka kwa mwalimu huipata ikiwa chini kwa desibeli 18 kuliko mwenziwe aliye mita 1. Sauti ya pili, kinyume cha hiyo, hutapakaa katika chumba kizima karibu kwa kiasi kilekile. Ndiyo maana nyuma ya darasa sauti iliyorudishwa na kuta huweza kuitawala ile iliyotoka kwa mwalimu.

Jambo hili si dogo. Mwanafunzi asiyesikia vema hukisia, na akikisia vibaya huonekana kuwa mzito wa kuelewa, ilhali kosa ni la chumba. Makala haya yanaeleza jinsi wanasayansi walivyojifunza kupima tabia ya sauti ndani ya majengo, jinsi kompyuta zilivyoongeza uwezo huo, na jinsi maarifa hayo yawezavyo kutumiwa katika chumba cha kawaida cha shule.

Mvumo na maneno

Sauti inayoendelea kusikika chumbani baada ya chanzo chake kunyamaza tutaiita mvumo. Hutofautiana na mwangwi, kwa kuwa mwangwi husikika kama sauti moja iliyo dhahiri inayorudi baada ya kimya kifupi. Mvumo ni mkusanyiko wa maelfu ya sauti zilizorudishwa, zikifuatana kwa karibu mno hata sikio haliwezi kuzitenga. Muda wa mvumo ni muda unaopita mpaka sauti ishuke kwa desibeli 60, yaani nishati yake ibakie sehemu moja katika milioni.

Ubaya wa mvumo mrefu katika usemi huonekana tukiyachungua maneno yenyewe. Katika Kiswahili, irabu hutamkwa kwa nguvu na hudumu. Konsonanti nyingi ni dhaifu na fupi. Hebu tutazame maneno paka, taka, kaka na saka. Kinachoyatenga ni konsonanti ya mwanzo peke yake. Mwalimu akisema "ona taka" katika chumba chenye mvumo mrefu, irabu ya mwisho ya neno la kwanza bado inavuma wakati konsonanti ya neno la pili inapotamkwa, nayo huifunika. Msikilizaji hubakiwa na irabu tupu. Kupaza sauti hakusaidii sana, maana mvumo nao hupaa pamoja na sauti.

Hata hivyo, si kila sauti iliyorudishwa ni adui. Helmut Haas, aliyefanya majaribio yake huko Göttingen, Ujerumani, na kuyatangaza mwaka 1949, alionyesha kwamba sauti inayorudi mapema huungana na ile ya kwanza masikioni mwetu. Katika usemi, kikomo kinachotumiwa sana ni sehemu 50 za elfu za sekunde. Kwa kuwa sauti husafiri karibu mita 345 kwa sekunde katika hewa ya joto la kawaida, muda huo ni sawa na mwendo wa ziada wa mita 17. Sauti iliyorudi ndani ya kikomo hicho humwongezea mwalimu nguvu. Iliyochelewa zaidi humharibia.

Kazi ya Sabine

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la makumbusho la Fogg, lakini wasikilizaji hawakuweza kumwelewa msemaji. Kazi ya kutafuta dawa alipewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, aliyekuwa na umri wa miaka 27. Vyombo vyake vilikuwa bomba la kinanda, saa ya kupimia muda na masikio yake mwenyewe. Alifanya kazi usiku wa manane, wakati kelele za mjini zimetulia. Aligundua kwamba sauti iliendelea kusikika kwa muda wa sekunde 5 na nusu hivi. Katika muda huo msemaji huwa ameshatamka maneno mengi, na yote huchanganyika hewani.

Sabine na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa jirani, wakaiingiza kidogo kidogo na kupima muda kila mara. Kadiri mito ilivyoongezeka, mvumo ulifupika. Kutokana na vipimo hivyo, mwaka 1898 aliupata uhusiano ambao hadi leo ndio msingi wa elimu hii:

T = 0.161 × V ÷ A

Hapa T ni muda wa mvumo kwa sekunde, V ni ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, na A ni jumla ya ufyonzaji wa sauti kwa mita za mraba. Kipimo chake cha ufyonzaji kilikuwa rahisi na cha busara: dirisha lililo wazi. Sauti ipitayo dirishani hairudi, hivyo mita 1 ya mraba ya dirisha wazi hufyonza kwa ukamilifu. Vitu vingine hulinganishwa nalo kwa kizigeu kilicho kati ya 0 na 1. Lipu, saruji na zege vina kizigeu cha 0.03 hivi, yaani hurudisha karibu sauti yote.

Ukumbi wa Symphony Hall wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ulisanifiwa kwa msaada wa hesabu za Sabine, na hadi leo huhesabiwa miongoni mwa kumbi bora za muziki duniani. Muda wa mvumo wake watu wakijaa ni karibu sekunde 1.9. Muziki wa okestra hupenda muda kama huo, lakini kwa usemi darasani ni mrefu mno. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza sekunde 0.6 hivi.

Hesabu ya darasa moja

Natuchukue chumba cha urefu wa mita 9, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 189, na eneo la nyuso zake zote ni mita za mraba 222. Ikiwa nyuso zote ni ngumu na madirisha yamefungwa, A ni 222 × 0.03, yaani 6.7. Muda wa mvumo basi ni sekunde 4.6 hivi.

Tufungue madirisha yenye eneo la mita za mraba 6. A hupanda hadi 12.5 na muda hushuka hadi sekunde 2.4. Tuwaingize wanafunzi 40, kila mmoja akifyonza kiasi cha mita 0.4 za mraba. A sasa ni 28.5 na muda ni sekunde 1.1. Mwisho, tufunike mita za mraba 40 kwa mbao laini za nyuzinyuzi zenye kizigeu cha 0.6. A hufikia 51 na muda hushuka hadi sekunde 0.6, kiwango kinachotakiwa.

Lakini mbao hizo ziwekwe wapi? Kanuni ya Sabine haijibu swali hili, kwa kuwa hudhani kwamba sauti imeenea sawasawa kila mahali. Kwa kukumbuka kazi ya Haas, tunapata jibu: sehemu ya katikati ya dari iachwe ngumu ili irudishe sauti ya mwalimu kwa walio nyuma, nazo mbao ziwekwe ukingoni mwa dari na kwenye ukuta wa nyuma.

Kompyuta zaingia kazini

Upungufu huo wa kanuni ulionekana wazi mjini New York. Ukumbi wa Philharmonic, uliofunguliwa mwaka 1962, ulilalamikiwa tangu mwanzo. Manfred Schroeder na wenzake wa Maabara za Bell waliitwa kuuchunguza, wakatumia kompyuta kuchanganua vipimo vyao. Ndani ya ukumbi huo palibomolewa na kujengwa upya mwaka 1976, na mara nyingine tena kabla ya kufunguliwa mwaka 2022. Kosa la sauti likishajengwa ndani ya zege, gharama yake ni kubwa.

Mwaka 1968 wataalamu watatu wa Trondheim, Norway, yaani Krokstad, Strøm na Sørsdal, walitangaza njia ya kuifuata sauti kwa kompyuta. Sauti huwazwa kama maelfu ya miale itokayo kwenye chanzo. Kompyuta hufuata kila mwale, huhesabu unapogonga ukuta, hupunguza nishati yake kwa kadiri ya kizigeu cha ukuta huo, na huandika muda unaofika kwa msikilizaji. Matokeo yake ni picha ya sauti ya chumba ambacho bado hakijajengwa. Siku hizi picha hiyo huweza kuchanganywa na sauti ya mtu iliyorekodiwa kwa tarakimu, na msanifu akasikia kwa vipokea sauti vya masikioni jinsi mtu huyo atakavyosikika humo. Njia ya miale ina mpaka wake: sauti nene, ambazo urefu wa wimbi lake hukaribia vipimo vya chumba, huhitaji hesabu za mawimbi zilizo ngumu zaidi.

Kompyuta pia huongoza mashine za kuchonga. Ukumbi mkuu wa Elbphilharmonie mjini Hamburg, uliofunguliwa Januari 2017, umefunikwa kwa vibao karibu 10,000 vya jasi na nyuzi, vyenye vishimo vya ukubwa mbalimbali vinavyotawanya sauti. Maumbo yake yalikokotolewa na programu ya kompyuta.

Tahadhari mbili

Kwanza, wengi hudhani kwamba trei za mayai hufyonza sauti vizuri. Sivyo. Kifaa chembamba hakiwezi kufyonza sauti nene, na trei za karatasi ni hatari pia kwa moto. Unene wa kifaa, vitundu vyake na nafasi ya hewa nyuma yake ndivyo vyenye maana.

Pili, kufyonza sauti si sawa na kuizuia isiingie. Mvua inyeshapo juu ya mabati, bati jembamba hutetema kama ngozi ya ngoma. Kuongeza ufyonzaji wa chumba maradufu hupunguza kelele hiyo kwa desibeli 3 tu. Dawa yake ni dari nzito isiyo na nyufa, iliyotengwa na bati kwa nafasi ya hewa.

Zoezi kwa wanafunzi

Pimeni darasa lenu kwa utepe na kukokotoa T kwa kanuni ya Sabine. Kisha, chumba kikiwa kimya, gongeni vibao viwili kwa nguvu mara moja na kurekodi mlio kwa simu, mkiwa mmezima urekebishaji wa kiwango cha sauti unaojiendesha wenyewe. Kwa programu ya kuchorea sauti, tafuteni muda wa kushuka kwa desibeli 20 na kuuzidisha kwa 3. Linganisheni majibu mawili, na mjadili sababu za tofauti. Rudieni madirisha yakiwa wazi, kisha yakiwa yamefungwa. Vipimo hivyo vikiandikwa vizuri, vitakuwa hoja yenye uzito mbele ya kamati ya ujenzi ya shule, kabla ya lipu ya darasa lijalo haijakauka.