Je, Wajua? Kabla Hujalipia Kiwanja Mwamkulu

Mpunga ukishatoka bondeni na gunia likapata bei, Mwamkulu huanza msimu wa pili: msimu wa viwanja. Pesa ipo, dalali yupo, na mwenye shamba ana mtoto anayekwenda chuo. Yafuatayo ni ya kusoma kabla pesa haijatoka mfukoni.

Je, wajua kwamba watu wa Katavi, mkoa ilipo Mwamkulu, wameongezeka zaidi ya maradufu ndani ya miaka kumi? Sensa ya 2012, mwaka uleule mkoa ulipomegwa kutoka Rukwa, ilihesabu watu 564,604. Ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Hawa wote wanataka pa kulala na pa kulima, kwa hiyo usishangae jaruba la jana leo limewekewa vigingi.

Je, wajua kwamba "manispaa" hailingani na "mjini"? Mwamkulu ni kata ya Manispaa ya Mpanda, lakini ndani ya mipaka ya manispaa hiyo kuna mitaa na kuna vijiji. Tofauti yake ni kubwa kuliko bei. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Ardhi iliyopimwa ya mjini inaongozwa na Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka huohuo. Zote mbili zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe "bei gani?", liwe "hapa ni kijiji au mtaa?" Akisitasita, nenda kamuulize mtendaji.

Je, wajua kwamba mwenyekiti wa kijiji peke yake hana uwezo wa kukuidhinishia shamba? Mwenye uwezo ni halmashauri ya kijiji, chombo chenye wajumbe 15 hadi 25, kwa kikao na muhtasari ulioandikwa. Mgeni asiye mwanakijiji akinunua bila idhini hiyo, amenunua hewa. Hili si jambo jipya: Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 1985 kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili, na imelirudia baadaye chini ya sheria ya 1999. Muhuri wa mwenyekiti ni mzuri, wa duara, wa bluu, lakini hauzibi pengo la kikao ambacho hakikufanyika. Omba nakala ya muhtasari. Soma majina. Angalia tarehe, na uangalie kama ukubwa wa eneo ulioandikwa mle ndio unaouziwa.

Je, wajua kwamba ile "asilimia kumi ya serikali ya mtaa" haimo katika Sheria ya Ardhi wala ile ya vijiji? Ni mazoea tu. Ukiombwa, uliza ni kwa sheria ndogo ipi, na risiti inatoka wapi.

Na mjumbe wa nyumba kumi? Tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992, huyo ni kiongozi wa shina la chama, si ngazi ya serikali. Anaweza kuwa shahidi mzuri kwa sababu anawajua majirani, na mimi ningemwita. Ila saini yake haiwi idhini.

Je, wajua ekari ina hatua ngapi? Kila mtu atakujibu: sabini kwa sabini. Ni kweli, endapo hatua ni yadi moja, yaani karibu sentimita 91. Hapo unapata mraba wa mita 64 kila upande, sawa na ekari kwa tofauti ndogo mno (ekari ni mita za mraba 4,047). Sasa mwite anayepimisha, mtu mfupi mwenye haraka, hatua zake za sentimita 75. Sabini zake ni mita 52 na nusu. Zidisha: mita za mraba 2,756. Umelipia ekari nzima, umepewa theluthi mbili na kidogo. Zilizopotea ni kama mita za mraba 1,290, yaani viwanja vitatu vya ishirini kwa ishirini na bado kuna chenji. Utepe wa mita 50 unauzwa dukani, na wawili mnatosha kuushika.

Je, wajua kwamba mto una eneo lake? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Katika kata ya mpunga kama hii, ambako watu hufuata maji, kipande cha bei rahisi mara nyingi ni rahisi kwa sababu hiyo.

Reli nayo ina lake. Njia ya Kaliua hadi Mpanda ilijengwa miaka ya 1940 ikielekea kuisha, kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Mgodi ulikwisha, reli ipo, na hifadhi yake ipo: mita 15 kila upande mjini, mita 30 nje ya mji. Barabara kuu je? Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Hapo ndipo zilipotokea zile alama za X kwenye kuta za nyumba, nyekundu kwa asiye na fidia na kijani kwa anayestahili. Ukiona nyumba inauzwa na ukuta wake umepakwa rangi upya sehemu moja tu, kwangua kidogo.

Je, wajua kwamba udongo mweusi unaokupa mpunga mzuri hukupa nyumba mbaya? Udongo wa mbuga hunywa maji ukavimba masika, kisha kiangazi hukauka ukapasuka nyufa za kuingiza mkono. Msingi mfupi juu yake hupanda na kushuka kila mwaka, na ukuta hufuata kwa ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya dirisha. Kiangazi kila kiwanja ni kizuri. Kwa hiyo kama unaweza kungoja, kagua Januari au Februari, mvua ikiwa imeshika, viatu vikiwa mkononi. Kama huwezi, tazama nyumba za jirani: mstari wa tope kwenye ukuta hausemi uongo, na fundi aliyejenga pale atakuambia alichimba hadi wapi ndipo akakuta udongo mgumu.

Tofali la kuchoma tulipime kwa sikio. Gonganisha mawili: likilia kama chuma limeiva, likitoa sauti ya bubu ni bichi. Na bati? Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na bado kuna wauzaji wanaoitangaza 30 kana kwamba ni cheo.

Je, wajua kwamba saini ya mume haitoshi? Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mwanandoa kuuza, kukodisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Sheria ya Ardhi nayo inataka ridhaa hiyo kwenye rehani. Kama mzee ana wake wawili, jiulize nani anaishi kwenye nyumba unayoinunua, halafu hakikisha huyo mama amesaini mwenyewe, mbele ya mashahidi, akiwa amesomewa. Kauli ya "mama watoto anajua" si ridhaa. Nimewasikia madalali wengi wakiisema, na wote huisema wakitazama pembeni.

Je, wajua kwamba watoto wa marehemu hawawezi kukuuzia nyumba ya baba yao, hata wakikubaliana wote saba? Anayeweza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi inakuwa Mahakama ya Mwanzo. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni hatua ya kwanza tu, ni wa kupelekwa mahakamani. Ukinunua kabla ya uteuzi, siku atakapotokea mtoto wa nane kutoka Tabora huna pa kusimama, kwa sababu asiye na haki hawezi kumpa mwenzake haki.

Je, wajua kwamba aliyekaa miaka mingi si lazima awe mwenye eneo? Muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12, na watu hudhani mlinzi wa shamba akitimiza miaka hiyo shamba linakuwa lake. Sivyo. Mgeni mwalikwa hubaki mgeni, hata akizeekea hapo, na mahakama zetu zimelisema hilo mara nyingi. Kwa hiyo ukimkuta muuzaji mwenye jembe, nyumba ya udongo na migomba iliyokomaa, bado uliza nani alimkaribisha.

Je, wajua hati ni nini hasa? Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Wewe unapata haki ya kuitumia: miaka 33, 66 au 99 kwa hati ya mjini. Hati ya hakimiliki ya kimila, kwa mwanakijiji, inaweza isiwe na ukomo. Mwenye hati iliyosajiliwa huhesabiwa kuwa mmiliki halali hadi ithibitishwe kwamba aliipata isivyo halali, ndiyo maana kabla ya kulipa unaomba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi utaonyesha jina la mmiliki, na utaonyesha pia kama benki imeshashika rehani. Halafu kuna pango la ardhi la kila mwaka: deni la muuzaji likikuta umeshakabidhiwa, utalibeba wewe.

Kwa mgeni asiye raia, mlango ni mmoja: uwekezaji kwa utaratibu uliowekwa. Lakini usimchanganye mgeni na raia wa kuandikishwa. Katumba na Mishamo, makazi mawili yaliyo katika mkoa huuhuu, yamejaa familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972, na zaidi ya watu 162,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu wamepewa uraia wa Tanzania. Wao wana haki ya kununua kiwanja kama wewe. Anayemkataza mmoja wao kwa lafudhi yake anafanya kosa.

Je, wajua kwamba risiti ya saruji ni pesa? Ukiuza nyumba kwa faida, mkazi hulipa kodi ya asilimia 10 ya faida. Usipokuwa na kumbukumbu za gharama, tangu 2023 kodi ni asilimia 3 ya bei yote, au ya thamani iliyoidhinishwa ikiwa kubwa zaidi. Chukua nyumba iliyouzwa milioni 30, ambayo ununuzi na ujenzi wake vilikula milioni 25. Mwenye risiti: faida milioni 5, kodi 500,000. Aliyewasha jiko kwa risiti zake: 900,000. Na kama ni nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu au zaidi na faida haizidi milioni 15, hakuna kodi hiyo kabisa. Shamba lenye thamani chini ya milioni 10, lililolimwa walau miaka miwili kati ya mitatu ya mwisho, nalo limesamehewa. Ushuru wa stempu kwa nyumba ni asilimia 1 ya bei; kwa ardhi ya kilimo ni shilingi 500. Ndiyo, mia tano.

Kodi ya jengo unailipa ukinunua umeme. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na tangu 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka. Mwenye deni ni mwenye nyumba. Mpangaji aliyekatwa ana haki ya kuidai kwenye pango, ingawa wengi huogopa kuonekana wasumbufu.

Mkilipana kwa mpunga, mkataba uandike kilo. Gunia la muuzaji lina kilo 100 na la mnunuzi huja na lumbesa, au kinyume chake, kutegemea nani anajaza.

Mgogoro ukizuka, Baraza la Kata halihukumu tena. Tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha ndani ya siku 30. Likishindwa, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kule kijijini kuna baraza lake la watu saba, watatu kati yao wanawake kwa lazima.

La mwisho ni la wenye bahati. Ukinunua ardhi umenunua na miti iliyoota juu yake na jengo lililosimama, isipokuwa mmeandikiana vingine, kwa hiyo ule mwembe ni wako. Ila dhahabu siyo. Katavi watu huchimba choo wakakuta mwamba unaometa, wakaanza kuhesabu nyumba watakazojenga. Tafsiri ya ardhi katika sheria imeyatoa madini nje. Hayo yanahitaji leseni ya Tume ya Madini, hata kama shimo liko jikoni kwako. Nawe una ulinzi wako: mwenye leseni hawezi kuja kuchimba kando ya nyumba inayokaliwa bila idhini ya maandishi ya mwenye eneo. Akija na karatasi, isome yote kabla ya kumwonyesha kiti.