Gari Dogo la Mashindano: Uliza Kwanza, Nunua Baadaye

Hakuna kijiji kisichojua gari la waya. Mtoto hukunja waya, hukata kandambili kuukuu kuwa magurudumu, hufunga fimbo ndefu yenye usukani, na jioni huliendesha njia nzima huku akinguruma kwa mdomo. Apitaye husema ni mchezo tu. Lakini mtazameni vizuri anapofika penye kona: hupunguza mwendo, huinamisha kichwa, huzungusha usukani taratibu ili gari lisipinduke. Mtoto huyo anajifunza kazi.

Huko Ulaya, Marekani na Japani kuna mchezo ulio ndugu wa huo, nao huchezwa na watoto pamoja na wazee wenye mvi. Gari lao lina mota ya umeme na betri, wala halina fimbo. Mwendeshaji husimama mbali ameshika chombo cha kuongozea, na amri yake hupita hewani kwa mawimbi ya redio. Wala hawachezi ovyo: wana vyama, wana kanuni, na wana siku yao ya kushindana.

Mimi nimeyajua mambo haya kwa sababu ya mtoto wa dada yangu. Dada na shemeji wanakaa Uingereza kwa kazi. Mtoto wao, alipokuwa na miaka 13, aliweka akiba karibu mwaka mzima, fedha za kuosha magari ya majirani. Akaenda dukani akanunua gari lililosifiwa kuwa lenye kasi kupita yote. Mwuzaji hakumwuliza ataliendesha wapi. Jumatano ile akalipeleka kwenye chama cha mtaa wao, ambacho hukutana katika ukumbi wa shule. Mzee wa chama akalitazama, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hapa twaendesha magari ya ukubwa wa kiganja. Hili lako litayavunja ya wenzako."

Mtoto akarudi nyumbani bila kushindana. Shemeji akasema fedha imetupwa, na habari za magari zisitajwe tena katika nyumba yake. Usiku ule dada akanipigia simu, nami nikasikia mtoto akisema nyuma yake, "Mjomba, mwambie Baba." Nikawa sina la kumwambia, maana sikujua kitu. Ndipo nikaanza kuuliza na kusoma. Niliyoyapata nayaweka hapa, kwa kuwa wengi wetu tuna watoto wa ndugu huko ng'ambo. Tena anayenunua baiskeli au cherehani hataona vibaya kuyasoma.

UKUBWA WA GARI

Magari haya hupimwa kwa kulinganishwa na motokaa ya kweli. Likiitwa la 1 kwa 10, maana yake kila sentimeta 10 za motokaa zimekuwa sentimeta 1. Chukueni motokaa ya urefu wa meta 4 na nusu, yaani sentimeta 450. Gawanyeni kwa 10, mtapata gari la sentimeta 45, karibu urefu wa mkono toka kiwiko hata ncha za vidole. Gawanyeni kwa 28, mtapata sentimeta 16 tu, yaani kiganja cha mtu mzima.

Hayo madogo ya 1 kwa 28 hufaa sana kwa vyama vya ndani ya nyumba. Yanayojulikana zaidi ni yale yaitwayo Mini-Z, ambayo kampuni ya Kyosho ya Japani ilianza kuyauza mwaka 1999. Njia yao hutengenezwa kwa vipande vya sponji ngumu vinavyoshikamana kama mkeka, nayo yaweza kutandikwa jioni na kukunjwa usiku. Yale ya 1 kwa 10 yana nguvu zaidi, nayo hutaka ukumbi mkubwa wenye zulia, au uwanja wa nje.

CHAMA KWANZA, GARI BAADAYE

Hili ndilo jambo kuu, na ndilo aliloliruka mpwa wangu. Mashindano hufanywa kwa madaraja. Kila daraja lina kanuni zake: ukubwa wa gari, aina ya mota, betri na mipira ya magurudumu. Gari lisilo na daraja katika chama chako ni pambo la kabatini, hata likiwa zuri namna gani.

Basi atakaye gari na aende kwanza chamani mikono mitupu. Akae jioni moja atazame. Aulize maswali matatu: Daraja gani lina watu wengi? Wanaoanza hutumia gari gani? Vipuri vyapatikana wapi? Kisha anunue lilelile walilo nalo wengi. Likivunjika, jirani yake atakuwa na kipuri mfukoni, na fundi wa chama atalijua hata gizani. Mwenye gari la peke yake hutengeneza peke yake.

LA KUCHEZEA NA LA KUSHINDANIA

Madukani yako magari ya bei rahisi yafananayo na hayo kwa umbo. Tofauti imo ndani. Gari la kuchezea mara nyingi lina kona moja tu: wageuza usukani, nalo lageuka mpaka mwisho. La mashindano hufuata mkono. Ukigeuza kidogo hugeuka kidogo, ukiongeza huongeza. Tena la kuchezea likivunjika mkono wa gurudumu ndio mwisho wake, lakini la mashindano hufunguliwa kwa bisibisi na kila kipande huuzwa mbali.

Zamani waendeshaji wawili hawakuweza kutumia wimbi moja la redio. Amri ya mmoja ingelishika gari la mwenzake likaenda kugonga ukuta. Siku hizi redio nyingi hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na kila chombo hufunganishwa na gari lake tu. Chombo hiki kichaguliwe kwa uangalifu, maana kizuri huweza kuishi kuliko magari mawili au matatu. Lakini kabla ya kulipa, hakikisheni kuwa chapatana na gari lenyewe, kwa kuwa si kila redio husikilizana na kila gari.

BETRI NA MIPIRA

Gari la Mini-Z hutumia betri 4 nyembamba, zile ndogo za tochi ya mfukoni. Zile za kuchajiwa zina volti 1.2 kila moja, jumla 4.8. Ni betri za upole. Magari makubwa aghalabu hutumia betri za lithiamu, zenye nguvu nyingi lakini hatari: zikitobolewa au zikichajiwa vibaya huwaka moto. Hizo huchajiwa kwa chaja yake maalum, katika mfuko usioshika moto, na mtu mzima akiwa karibu. Wala zisiachwe zikichajiwa watu wakilala.

Juu ya mipira, mgeni hudhani yote ni mamoja. Sivyo. Iko migumu na iko milaini, na gari husimama au hupinduka kwa ajili yake. Katika gari lisukumwalo na magurudumu ya nyuma, kwa kawaida milaini huwekwa nyuma na migumu mbele. Ukikosea ukaweka milaini mbele, mbele hushika mno, nyuma huteleza, na gari huzunguka kama pia.

Jueni pia kwamba bei ya gari si bei yote. Hesabuni betri, chaja, mipira ya akiba, vipuri na ada ya chama. Asiyeweza yote na anunue lililotumika kutoka kwa mwanachama. Huyo hawezi kumficha kasoro, maana watakutana tena juma lijalo.

KASI SI USHINDI

Mashindano mengi ya ndani huchukua dakika 5, yaani sekunde 300. Chini ya gari hufungwa kifaa kidogo, nalo likipita penye waya uliolazwa njiani, kompyuta huhesabu mzunguko. Basi tufanye hesabu. Gari la kwanza huzunguka kwa sekunde 12 bila kugonga: 300 gawanya kwa 12 ni mizunguko 25. Gari la pili ni la kasi, huzunguka kwa sekunde 11, lakini limegonga mara 5, na kila mara limepoteza sekunde 6. Hizo ni 30. Zabaki 270, gawanya kwa 11, hazifiki mizunguko 25. La polepole limeshinda. Mwenda pole hajikwai.

Na kugonga ni rahisi. Gari likienda mbele yako, kuume kwake ni kuume kwako. Likigeuka kukujia, kuume kwake kumekuwa kushoto kwako, na mkono wa mwanafunzi husahau. Hilo halinunuliwi, ni mazoezi tu. Kwa hiyo anayeanza na achague mota ya mwendo wa kiasi, hata kama marafiki watamcheka.

KUINUA MAGARI YA WENZAKO

Kuna desturi moja iliyonipendeza kuliko zote. Ukimaliza zamu yako, huendi kunywa chai. Huenda kusimama kwenye kona, na gari la mwenzako likipinduka, waliinua na kulirudisha njiani upesi, hata kama ni la yule aliyekushinda sasa hivi. Anayekwepa kazi hiyo aghalabu hufutiwa matokeo yake.

Nilimweleza shemeji haya yote, nikamwomba jambo moja tu: aende na mtoto jioni moja, bila fedha. Akanung'unika, lakini akaenda. Mzee wa chama akamwazima mtoto gari dogo la zamani. Mtoto akagonga kila ukuta, kisha akasimama kwenye kona akainua magari ya watu wazima, nao wakamshukuru kama mwenzao. Baada ya mwezi aliliuza lile kubwa kwa nusu ya bei aliyolipa. Hasara hiyo aliibeba mwenyewe. Fedha iliyopatikana ikatosha kununua Mini-Z iliyotumika, na betri zake.

Majuma machache baadaye simu ililia usiku. Alikuwa shemeji mwenyewe, anacheka. "Shemeji, leo kijana amekuwa wa saba kati ya wanane. Lakini hakugonga ukuta hata mara moja."

Basi, mwenye mtoto atakaye kununua, na ampeleke kwanza kutazama. Kuuliza si ujinga, na jioni moja ya kutazama ingalimwokolea kijana huyu nusu ya akiba ya mwaka.