Robo Saa ya Kunyamaza

Wenzetu wa Nakivale huamka kabla ya jua. Makazi hayo ya wakimbizi yako Wilaya ya Isingiro, kusini mwa Mbarara. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea Wanyarwanda; leo Wakongomani ni wengi sana humo, na Kiswahili kinasikika kila kona ya soko. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi. Basi huyu analima kibarua katika shamba la mtu, yule anapanda gari kwenda Mbarara kupakia ndizi. Jioni mwili umerudi nyumbani, lakini akili bado iko kwa nyapara, au iko mbali zaidi, Kivu, kwa waliobaki.

Akili hiyo nayo inahitaji kupumzishwa. Pombe huilaza usiku mmoja, na asubuhi hudai deni lake. Iko njia nyingine isiyo na bei, nayo ni yoga.

Wapo watakaocheka kwamba hayo ni mambo ya Wahindi matajiri. Yoga ilitoka India kweli, na asili ya neno lenyewe ni kufunga nira, yaani kuunganisha. Lakini Wahindi walioletwa kutandaza reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, mwaka 1896 hadi 1901, walikuwa vibarua kama sisi. Na huko Nairobi, tangu mwaka 2007, Africa Yoga Project imewafundisha vijana wa mitaa ya watu wa kipato kidogo hadi wakawa walimu. Kuhusu dini, wako Wakristo na Waislamu wanaoifanya kama mazoezi tu, wengine hawaitaki. Kila mtu na dhamiri yake.

Jaribu hivi, ndugu mfanyakazi. Ukitoka zamu, kabla ya kula, tandika mkeka au gunia safi. Lala chali, miguu uiegemeze ukutani, hasa kama umesimama penye mashine kutwa nzima. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, kisha itoe polepole ukihesabu hadi sita. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayotuliza mapigo ya moyo. Mawazo yatakuja: karo, kodi, maneno ya msimamizi. Usigombane nayo, rudi kwenye kuhesabu. Siku za kwanza utasinzia, wala si kosa. Aliyebeba mimba, mwenye shinikizo la damu au aliyeumia mgongo amwone kwanza mganga wa zahanati.

Mama mwenye watoto sita chumbani atauliza robo saa hiyo ataipata wapi. Swali lake ni la haki. Baba ashike mtoto.

Tena tuseme wazi: pumzi haiponyi uchovu unaotokana na kunyimwa mapumziko. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 imeweka saa 48 za kazi kwa wiki kuwa kiwango cha kawaida, na inakataza kumfanyisha mtu kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila siku ya kupumzika. Mwajiri anayewatandikia watu mikeka uani huku zamu ni ya saa 12 bila malipo ya ziada, aulizwe kwanza juu ya saa hizo. Mikeka tutaizungumza baadaye.