Betri ya pili iko wapi? Ijue kabla gari halijatoka Nairobi

Mpango umeiva. Mbogi imechanga doo, mmekodi gari la kulala, lile lenye kitanda, friji na kasinki kadogo, na safari ni ya Magadi au Baringo. Usiku wa kwanza kila kitu kiko shwari. Usiku wa pili, kama saa tatu hivi, taa zinaanza kufifia, friji inanyamaza na simu zote ziko asilimia tano. Mmoja anapiga stata, injini inawaka mara moja. Wasee wanaangaliana. Kama betri ni nzima, stima imeenda wapi?

Jibu ni kwamba gari kama hilo lina betri mbili, na iliyozima si ile inayowasha injini. Hapo ndipo swali gumu linakuja, maana mara nyingi hakuna mtu kwenye kundi anayejua hiyo ya pili imefichwa wapi. Wengine hubomoa nusu ya gari kwa mwanga wa tochi, wengine hukata tamaa na kurudi nyumbani wikendi ikiwa haijaisha.

Kwa hivyo tuongee kuhusu hii betri: inakaa wapi, unaifikiaje bila kujichoma, na kwa nini hutaki kulala juu yake kabla hujaijua.

Betri mbili, kazi mbili

Betri ya stata ni kama mkimbiaji wa mita 100. Inatoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini inawaka, kisha oltaneta inairudishia chaji. Ukiitumia kuendesha friji usiku kucha, asubuhi utahitaji kujampishwa.

Betri ya pili, tuiite betri ya nyumba, ni ya marathoni. Inatoa stima kidogo kidogo kwa saa nyingi: taa, pampu ya maji, friji, chaja za simu. Kwa kawaida inajazwa na oltaneta mkiwa barabarani, na sola iliyo juu ya paa mkiwa mmepaki. Kati ya betri hizo mbili kuna rilei au chaja maalum. Kazi yake ni kuziunganisha injini ikinguruma na kuzitenganisha injini ikizimwa. Ndiyo maana ya nyumba inaweza kufa kabisa na gari bado liwake kama kawaida.

Kwa nini hapa kwetu kuitafuta ni kazi

Ulaya, motahomu hutoka kiwandani na kijitabu kinachoonyesha kila waya. Hapa Kenya sheria ya kuagiza magari hairuhusu gari lililopita miaka minane, na usukani lazima uwe upande wa kulia. Kwa hivyo yale majumba makubwa yenye usukani wa kushoto unayoyaona Karen au njiani kuelekea Moyale, mengi ni ya wasafiri wanaovuka Afrika.

Yetu ni HiAce, Caravan na Land Cruiser zilizogeuzwa kuwa nyumba kwenye gereji. Kitanda amekata seremala, waya amepitisha fundi, pengine yule aliyejifunza kwa kufunga muziki na skrini kwenye mathree. Kazi inaweza kuwa safi kabisa, lakini hakuna kitabu. Betri inakaa pale nafasi ilipopatikana siku hiyo, na ramani yake iko kichwani mwa fundi.

Sehemu tano za kuangalia kwanza

*Chini ya benchi au kitanda.* Kwenye gari lililojengwa hapa, anzia hapa. Toa godoro, tafuta kibao chenye tundu la kidole au skrubu nne. Ukiona tangi la maji, usisimame, betri inaweza kuwa nyuma yake.

*Chini ya siti ya mbele.* Motahomu nyingi za Ulaya huiweka hapo. Volkswagen California za T5 na T6, kwa mfano, zipo zenye betri moja ya nyumba chini ya siti ya mbele na nyingine nyuma ndani ya kabati. Sukuma siti mbele kabisa uchungulie kwa nyuma, kisha irudishe nyuma uchungulie kwa mbele. Ukiona plagi za rangi ya njano chini ya siti, ziache. Hizo kwa kawaida ni za mifuko ya hewa ya ajali.

*Kijisanduku cha nje.* Tembea ukizunguka gari. Kijimlango kidogo ubavuni, karibu na soketi ya kuchomeka stima ya kambini, mara nyingi ndicho kinaficha betri.

*Chini ya boneti.* Hapa wengi hudanganyika. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli hutoka kiwandani na betri mbili, na zote mbili ni za kuwasha injini. Kuona mbili hakumaanishi moja ni ya nyumba.

*Nyuma, kando ya droo.* Kwenye Land Cruiser zenye hema juu ya paa, betri ya nyumba mara nyingi hufungwa kwenye ubavu wa ndani, nyuma ya droo za jikoni. Siku hizi wengine hutumia kisanduku kimoja cha kubeba chenye betri, soketi na skrini. Hicho angalau kinajitangaza.

Mtego mwingine: betri iliyo chini ya siti si lazima iwe ya nyumba. Kuna Ford Transit ambazo betri yake ya stata inakaa chini ya siti ya dereva. Fiat Ducato na Mercedes Sprinter za miaka ya karibuni zina ya stata chini ya sakafu ya mbele, pale unapoweka miguu. Ukifungua ukapata betri, usishangilie bado.

Kama hakuna wa kukuambia, fuata waya

Waya hazidanganyi. Tafuta kidhibiti cha sola, kile kisanduku kidogo chenye taa au skrini ambacho waya kutoka kwenye paa zinaingia. Kwa kawaida kina sehemu tatu: ya paneli, ya betri, na ya vifaa. Fuata waya mbili za betri mpaka zinapoishia, na kwa kawaida utafika nyumbani kwake.

Kama hakuna sola, anzia kwenye inverta, ile inayobadilisha stima ya betri kuwa ya soketi ya kawaida. Inakula stima nyingi, kwa hivyo waya zake ni nene, na mafundi huiweka karibu na betri. Ila ukumbuke soketi za inverta zina stima ya kuua hata gari likiwa porini, basi izime kwanza.

Kuifikia bila kujichoma

Volti 12 hazitakupiga shoti kama za ukutani. Kinachoumiza ni moto. Spana ikigusa pande mbili za betri kwa pamoja, inaweza kuwa nyekundu kama mkaa kwa muda mfupi sana. Vua pete, saa na bangili. Kisha fuata mpangilio huu:

1. Zima injini na kila kifaa, inverta ikiwemo. Kama mmechomeka stima ya kambini, chomoa.
2. Tenga paneli za sola kabla ya kugusa betri. Vidhibiti vingi vinaweza kuharibika vikibaki na paneli bila betri.
3. Fungua kwanza upande wa hasi, wenye alama ya −. Ufunike kwa kitambaa usirudi kugusa.
4. Ndipo ufungue upande wa chanya, wenye alama ya +.
5. Wakati wa kurudisha, geuza: chanya kwanza, hasi mwisho, sola baada ya yote.

Kwa nini hasi kwanza? Kwa sababu bodi ya gari imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya na spana iguse chuma cha gari, umetengeneza shoti. Ukianza na hasi, spana ikigusa bodi hakuna kitu kinatokea.

Kitu kingine ni uzito. Betri ya asidi ya Ah 100 ina kilo kama 25, na kuitoa chini ya siti ukiwa umejikunja ni njia rahisi ya kuharibu mgongo. Ya lithiamu ya ukubwa huo huwa karibu nusu ya uzito.

Usiizike kabla hujaipima

Watu hununua betri mpya wakati kilichokufa ni fyuzi. Kwenye waya ya chanya, karibu na betri, lazima kuwe na fyuzi kubwa. Iangalie kwanza. Kisha tumia mita. Ya kawaida utaipata Luthuli Avenue kwa bei isiyoumiza.

Iache betri ya asidi itulie saa chache bila chaji wala mzigo, halafu pima. Karibu volti 12.7 imejaa. Karibu 12.2 imebaki nusu, na hapo ndipo unatakiwa kusimama, kwa sababu kuishusha zaidi kila mara hufupisha maisha yake. Ikifika 12.0, zima friji. Kwa lithiamu namba hizi hazifanyi kazi, maana volti zake hubaki karibu palepale mpaka inapokaribia kuisha. Hiyo inahitaji kipimo chake.

Sasa washa injini upime tena hiyo betri ya nyumba. Ikipanda kupita 13, chaji inaifikia. Ikibaki palepale, tafuta tatizo kwenye rilei au fyuzi ya kati kabla ya kulaumu betri. Kwa magari mapya yenye oltaneta inayoongozwa na kompyuta, rilei ya kawaida inaweza isitoshe, inahitajika chaja maalum ya kati.

Na wakati mwingine hakuna kilichoharibika, ni hesabu tu. Friji ndogo ya kompresa ikivuta ampea 4 na kufanya kazi nusu ya muda, kwa saa 24 imekula Ah 48. Betri ya asidi ya Ah 100 inakupa kama 50 za kutumia. Yaani friji peke yake imemaliza bajeti ya siku, kabla hujachaji simu hata moja. Mkipaki siku mbili bila sola ya maana, giza litafika tu.

Mnalala juu yake

Hii ndiyo sehemu ambayo inanifanya niandike. Betri ya asidi ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto hata ikiwa asilimia 4 tu ya hewa. Ikiharibika na kuendelea kuchajiwa, inaweza kuchemka na kutoa gesi nyingine yenye harufu ya mayai yaliyooza, na hiyo ni sumu. Sasa fikiria betri hiyo iko chini ya godoro, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu, na wasee wanne wamelala.

Betri ya asidi ndani ya gari inatakiwa kuwa kwenye boksi lake, na mrija wa kutoa gesi nje kupitia sakafuni. Pia ifungwe kwa mkanda au bolti, kwa sababu kilo 25 zisizofungwa breki zikipigwa ghafla ni jiwe linaloruka. Ukisikia harufu ya mayai mabovu, toeni watu wote, fungua milango, usiwashe kiberiti wala kubonyeza swichi yoyote. Usimguse mgonjwa huyo mpaka hewa imesafika na betri imepoa.

Kama unajenga gari lako mwenyewe, usikubali fundi afunge betri mahali ambapo mpaka utoe kitanda ndio uione. Mwambie aweke swichi kuu ya kukata stima mahali mkono unafika hata gizani, na fyuzi karibu kabisa na betri. Piga picha kila waya kabla kibao hakijafungwa, na uziweke kwenye simu. Hizo picha ndizo kijitabu cha gari lako.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Unapokodi, usiridhike na kuonyeshwa kitanda na spika. Uliza:

- Betri ya nyumba iko wapi? Nifungulie niione.
- Ni ya asidi au lithiamu, na ni Ah ngapi?
- Swichi kuu na fyuzi ziko wapi? Kuna fyuzi za akiba?
- Inachajiwa na nini: injini, sola, stima ya kambini au zote?
- Spana gani inafungua, na iko ndani ya gari?

Mwenye gari anayejua mali yake atajibu yote kwa dakika tano. Akianza kukuambia "usijali, hiyo haisumbui," mwambie afungue hata hivyo. Mkiwa bado Nairobi, kukosa jibu ni usumbufu mdogo. Mkiwa Chalbi saa nne usiku, hakuna fundi wa kupigia.